Pini ya Tatu Haina Kosa

Kwenye kopo la skrubu kibandani kwangu nimehifadhi plagi moja. Kwa nje ni plagi ya kawaida ya pini tatu, ampea 13, ndugu wa ile iliyo kwenye pasi yako. Ukiifungua utakuta waya wa kijani wenye mstari wa njano umeng'olewa kwenye skrubu yake, umekunjwa nyuma kama mkia wa mbwa aliyepigwa, na umefungwa teipu nyeusi kwa ustadi. Aliyefanya kazi hiyo hakuwa mlevi wala mwanafunzi. Alikuwa fundi, na alikuwa anafuata elimu. Elimu yenyewe ni hii: anayetaka kupima kwa oskiloskopu kifaa kinachotumia umeme wa ukutani, kwanza aikate ethi ya oskiloskopu.

Elimu hii nimeikuta Songea, nimeikuta hapa Mbinga, nimeteremka milima mpaka Mbamba Bay nikakuta imenitangulia, imekaa ndani ya kibanda kinachotengeneza mafriza ya samaki. Kijana akianza kazi anafundishwa hiyo kabla hajaonyeshwa choo kilipo. Asiyeifuata anaonekana msomi wa vitabuni. Nami nasema ni elimu potofu, na kinachoipa nguvu ni kwamba imejengwa kwa matofali mazuri.

Matofali yenyewe tuyahesabu kwa haki. Wanasema hivi: pawa saplai ya televisheni, ya kompyuta, ya mashine ya kulehemu ya inveta, zote siku hizi huzipokea volti 230 za ukutani na kuzipeleka moja kwa moja kwenye daiodi nne, bila transifoma mbele yake. Kapasita kubwa inayofuata hujaa volti 325 hivi za DC. Graundi ya upande huo, ule tunaouita upande wa moto, siyo ethi. Imeshikana na nguzo ya TANESCO kupitia daiodi. Skopu nayo, yaani oskiloskopu, kwa jinsi ilivyoundwa, klipu ya mamba ya probu yake, bati lake na pini ya tatu ya plagi yake vyote ni kitu kimoja. Bana klipu hiyo kwenye graundi ya moto, umeuunganisha umeme na ardhi. Cheche, mlio, daiodi zinapasuka, waya wa probu unanuka, na siku mbaya skopu nayo inakwenda. Basi, wanasema, kata njia hiyo: ng'oa ethi, skopu ielee, klipu iende inakotaka. Wanaongeza na hoja nyingine tatu: wamefanya hivyo miaka kumi na bado wako hai, ethi za nyumba zetu ni jina tu, na probu maalumu ya kupima pointi mbili bila kugusa ethi ina bei ya kuogofya.

Maelezo ya mlio ni sahihi, herufi kwa herufi. Ugomvi wangu ni na lile neno "basi".

1. Mlio ulikuwa na haki ya kulia

Ulipobana klipu pasipostahili, umeme ulipata njia ya mkato, na mfumo mzima ukapiga kelele. Hiyo ndiyo kazi ya ethi. Iliwekwa kwa ajili ya kelele hiyo. Kuing'oa ili usisikie ni kumfunga mbwa mdomo kwa sababu anabweka wezi wakija.

Wezi hawajaondoka. Klipu ikiwa juu ya graundi ya moto na ethi imeng'olewa, bati la skopu linapanda na kushuka pamoja na graundi ile, mara 50 kila sekunde, likizama mpaka volti 325 chini ya sakafu uliyosimama. Na bati si bati peke yake. Ni vile vikoleo vya chuma vya kuchomekea probu, ni klipu ya probu ya pili inayoning'inia mezani, ni tundu la USB, ni kila skrubu ya nyuma. Zamani hatari ilikuwa ndani ya televisheni uliyoifungua, ukijua ni hatari, ukiiendea kwa adabu. Sasa umeihamishia kwenye chombo unachokishika kila dakika bila kufikiri, kwa sababu ndicho chombo cha kupimia. Umemtoa mwizi sebuleni ukamlaza chumbani kwa watoto.

Hesabu yake ni ya kikatili. Mwili wa mtu mwenye mikono ya jasho ni kama omu 1,000. Hata tukiihesabu ile volti ya bati kwa upole, tuseme 160, unapitishiwa miliampea 160. Kwenye miliampea 10 hivi mkono unakaza na kukataa kuachia. Vifaa vya kukata umeme unapovuja, vile vilivyotengenezwa kulinda uhai wa watu, vimepangwa vikate kwenye 30. Waliokata ethi wanasema wameondoa waya unaounganisha bati na ardhi. Hawajauondoa. Wameajiri mwingine, na waya huo mpya ana mke na watoto.

Tena hauhitaji hata kupima kitu ili uonje. Ndani ya skopu za kisasa, kama ndani ya kompyuta, kuna kapasita ndogo mbili za kuchuja makelele, moja kutoka laivu kwenda kwenye bati, moja kutoka nyutro. Ethi ikiwepo, uvujaji wao mdogo unateremka ardhini. Ethi ikiondoka, bati linabaki linaelea katikati, karibu volti 115. Mkondo ni mdogo, hauui, lakini unatekenya. Nimewahi kumsikia kijana akimwuliza mkubwa wake, "Fundi, mbona hii inaning'ata?" Akajibiwa, "Vaa ndala, mdogo wangu, mashine za Kichina ndivyo zilivyo." Mashine ilikuja kutoka China na waya wake wa kijani ukiwa mzima. Aliyeung'oa ni wetu.

Halafu kuna hasara ambayo hawa wataalamu wangepaswa kuwa wa kwanza kuilalamikia: kipimo chenyewe kinakuwa cha uongo. Bati la skopu ni kubwa, na kati yake na ardhi kuna kapasita isiyoonekana. Ukibana klipu kwenye pointi inayoruka juu na chini kwa kasi, kama mguu wa mosfeti ya juu kwenye inveta, umeibebesha pointi hiyo mzigo wa bati zima. Mawimbi ya kutetemeka unayoyaona kwenye kioo, ukaanza kubadilisha vipuri kwa ajili yake, mengine umeyaleta wewe.

2. "Mbona tuko hai?"

Kwa sababu wasio hai hawakai kijiweni kutoa ushahidi. Hoja hii haistahili zaidi ya hapo, ila kuna jambo moja ndani yake la kutazamwa. Ukimchunguza fundi aliyepona miaka kumi, utakuta ana meza ya mbao, kiatu kikavu, na tabia ya kuweka mkono mmoja nyuma anapopima. Hayo ndiyo yaliyomweka hai. Sifa zote akaipa plagi.

Na tabia zake haziambukizi. Kibanda si chake peke yake. Yuko mteja anayeegemea meza huku ameshika redio yake. Yuko mwanafunzi wa ufundi aliyevua viatu kwa sababu masika yamevijaza tope. Hawa hawajui kwamba chombo cha heshima kilichoko mezani kina umeme kwenye ngozi yake.

Sasa nirudi kwenye plagi iliyo kwenye kopo langu. Plagi yetu ya pini tatu ina hekima moja: pini ndefu ya ethi ndiyo inayoingia kwanza na kufungua vilango vya laivu na nyutro ndani ya soketi. Huwezi kuikata ukaichomeka vizuri. Kwa hiyo mafundi wetu hawaikati, wanafungua plagi na kung'oa waya, kisha wanaifunga tena. Matokeo yake ni plagi yenye sura ya uzima kamili. Na skopu nyingi hutumia waya unaochomoka, ule ule wa kompyuta ya mezani.

Unajua waya wa namna hiyo hukaa wapi? Popote. Ofisi moja, siitaji, ilipoteza waya wa kompyuta, wakaazima kwa fundi jirani. Miezi kadhaa baadaye dada karani akaniita: kompyuta inamtekenya akigusa kasha lake. Alikuwa ameshapata ufumbuzi wake, kaweka gazeti chini ya miguu. Nilipoufungua ule waya nilimfahamu mwenyewe kwa jinsi teipu ilivyofungwa. Hapo pawa saplai ya kompyuta ingepata hitilafu moja tu, laivu ikagusa kasha, dada yule angekuwa amelipa deni la kipimo cha televisheni asiyoijua. Anayekata ethi ya skopu anadhani amefanya uamuzi juu ya skopu yake. Ameingiza sokoni kitu kisicho na alama.

3. "Ethi zetu ni jina tu"

Hii ndiyo hoja ninayoiheshimu, kwa hiyo nitakaa nayo.

Kwanza mgongano ulio wazi. Kama ethi yako ni jina tu, ule mlio ulitoka wapi? Waya usiofika popote haupasui daiodi. Fundi huyo huyo anakuonyesha probu iliyoungua kama ushahidi kwamba ethi ni hatari, na dakika tano baadaye anakuambia kuing'oa si hasara kwa kuwa haikuwa inafanya kazi. Achague moja.

Lakini tumpe nafasi ya pili, maana kweli ziko ethi mbaya. Kwa nyumba zetu nyingi ethi ni fimbo ya chuma iliyopigwa chini karibu na ukuta. Hapa Mbinga, kwenye udongo mwekundu wa mfinyanzi unaoshika maji, fimbo hiyo inaweza kuwa na hali nzuri. Teremka ziwani: mchanga mkavu, mawe, fimbo iliyogonga mwamba nusu ya njia ikakatwa kwa msumeno ili ionekane imezama. Tuseme upinzani wake ni omu 100. Sasa bana klipu ya skopu yenye ethi kwenye umeme. Volti 230 kugawa kwa 100 ni ampea 2.3. Hakuna mlio. Sakiti breka ya ampea 20 haina habari. Fyuzi ya plagi ya ampea 13 imelala. Na kwa kuwa mkondo wote unapitia ile fimbo, karibu volti zote zinabaki juu yake, na kila kilichofungwa ethi ndani ya nyumba, friza, pampu ya maji, bati la jiko la umeme, kinapanda nazo.

Hii ndiyo hatari halisi ya ethi mbovu, na hakuna hata mmoja kati ya wakataji aliyewahi kuniambia. Hawaijui kwa sababu hawakuuliza ethi inafanya nini; waliuliza jinsi ya kuinyamazisha. Ukiijua, hitimisho linageuka. Nyumba yenye ethi mbovu ina tatizo la ethi, na tatizo hilo lipo hata usiku ukiwa umelala na skopu ikiwa kabatini.

Dawa yake ipo na haihitaji fimbo ya ajabu. Kile kifaa cha miliampea 30 cha kukata umeme unapovuja hakijali sana ubora wa fimbo. Miliampea 30 kwenye omu 100 ni volti 3 tu. Bati likipanda kupita hapo, umeme unakatika ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Kwenye kibanda chenye kifaa hicho, klipu iliyobanwa pasipostahili haikuletei maombolezo. Inakuletea giza na aibu kidogo mbele ya mteja. Mafundi wanaonieleza kwamba hawana fedha ya kifaa hicho nimewakuta na spika mbili kubwa nje ya kibanda, zimewaka tangu asubuhi.

Nina dhana yangu kuhusu mahali desturi hii ilikopatia ujasiri, nayo ni ya huku kwetu kabisa. Songea ilifikiwa na gridi ya taifa mwaka 2018, kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako. Kabla ya hapo TANESCO ilikuwa inatuzungushia majenereta ya dizeli. Vijiji vingi vya ziwani, kabla nguzo za REA, wakala wa nishati vijijini, hazijafika, vilikuwa na vijenereta vya petroli vya mkononi, vya kuonyeshea mpira na kuchajia simu. Sasa, vijenereta vingi vya namna hiyo havina waya uliofungwa ardhini. Nyaya zake zote mbili zinaelea. Ukipima televisheni inayokula umeme wa kijenereta, unaweza kubana klipu kwenye graundi ya moto na kisitokee kitu: hakuna njia ya kurudi. Fundi aliyejifunza hivyo alijifunza kitu cha kweli, kwa jenereta lile. Kisha nguzo zikaja, na nguzo nyutro yake imezikwa ardhini kwenye transifoma. Mara ya kwanza klipu ikalia. Badala ya kuuliza umeme umebadilika nini, akaulaumu waya wa kijani, akaung'oa, na mambo yakarudi kuwa kama enzi za jenereta. Au yalionekana hivyo. Kwenye jenereta kilichokuwa kinaelea ni umeme wenyewe. Sasa kinachoelea ni skopu, na umeme umekaza miguu ardhini ukimsubiri mtu wa kuukamilishia safari.

4. Transifoma, lakini upande gani?

Wako walioendelea kidogo. Wamesikia habari za transifoma ya kutenganisha, ile ya 230 kuingia na 230 kutoka, koili mbili zisizogusana. Wameitafuta, wameipata, na wameichomeka skopu. Mzigo mzito, fedha nyingi, na matokeo ni yale yale ya bisibisi: skopu inaelea na bati lake lina umeme.

Kinachotakiwa kutenganishwa ni mgonjwa. Daktari abaki na ethi yake. Chomeka televisheni kwenye transifoma, skopu ichomeke ukutani na pini zake tatu zikiwa kazini, kisha bana klipu moja, mahali pamoja, kwenye graundi ya moto. Bati la skopu linabaki volti sifuri. Umeme wa televisheni ndio unaoelea, kama ulivyokuwa ukielea kwenye kijenereta, na klipu yako inaupa mahali pa kusimama.

Kabla hujashangilia, mambo mawili. Ukishabana klipu, sehemu nyingine zote za upande wa moto zina volti zake kamili dhidi ya ardhi, na kile kifaa cha miliampea 30 hakioni ng'ambo ya transifoma. Mkono mmoja nyuma, kiatu mguuni. Na kapasita ya mikrofaradi 220 iliyojaa volti 325 inahifadhi karibu jouli 12 hata baada ya kuchomoa plagi. Itoe umeme kwa rezista au balbu, acha bisibisi ifungue skrubu.

Jambo jingine ni stabilaiza. Huku mwisho wa laini, ambako volti huanguka jioni watu wakiwasha, kila duka lina stabilaiza, na kila wiki namsikia mtu akisema, "Mimi niko salama, napitishia kwenye stabilaiza, ina transifoma ndani." Inayo. Ila kwa kawaida ni transifoma ya koili moja, nyutro ya kuingia ndiyo nyutro ya kutoka. Variaki vilevile: inapunguza volti, haitenganishi chochote. Chukua mita, weka kwenye kipimo cha mlio, gusa mguu wa kuingilia na wa kutokea huku chombo kimechomolewa. Ikilia, hujatenganishwa na mtu.

Balbu ya kufunga kwa mfululizo nayo tuiseme, maana ndiyo sala ya asubuhi ya kila kibanda. Naipenda. Inaokoa mosfeti. Inazuia shoti isipasue bodi. Kwa mwili wa binadamu, ambao kwa balbu ya wati 60 ni mzigo mwepesi, balbu inapitisha kila unachohitaji kufa, na kukuaga itawaka kwa ufifi tu, ikiwaka.

5. "Probu ni ghali"

Ni ghali, sikatai. Lakini kwa kipimo cha kawaida hakuna anayekulazimisha kuinunua, kwa sababu skopu yako ya chaneli mbili ilikuja na njia nyingine ndani yake. Probu mbili, zote kwenye ×10. Klipu zote mbili za mamba zitoe kwenye bodi kabisa, zibane zenyewe kwa zenyewe. Ncha ya kwanza iguse pointi moja, ncha ya pili iguse nyingine. Chaneli zote ziwe kwenye kipimo kimoja, kisha iamuru skopu itoe ya pili kutoka kwenye ya kwanza. Skopu za zamani zina kitufe cha kupindua chaneli ya pili na cha kujumlisha. Ni kitu kile kile. Ethi iko mahali pake, bati liko sifuri, na unaiona tofauti ya pointi mbili kwenye upande wa moto.

Anza kwa kugusa ncha zote mbili pointi moja: mstari uwe bapa. Usipokuwa bapa, zirekebishe probu kwa ile pini ya mawimbi ya mraba iliyo usoni mwa skopu. Uangalie na nafasi kwenye kioo. Umeme wa ukutani kutoka kilele mpaka bonde ni volti 650. Skopu inayoishia volti 5 kwa kisanduku, ikiwa na probu ya ×10 na visanduku 8, inaonyesha 400 tu. Chaneli ikitoka nje ya kioo, hesabu ya kutoa inakuwa porojo. Inayofika volti 10 kwa kisanduku inatosha. Isiyofika inahitaji probu ya ×100. Na soma volti zilizoandikwa ubavuni mwa probu, kisha angalia kile kitufe kidogo cha ×1 na ×10, ambacho kidole huteleza juu yake: kikiwa kwenye ×1 umeziruhusu volti 325 ziingie skopu zote, bila kupunguzwa.

Njia hii ina mpaka. Haitakuonyesha milivolti chache zilizopanda juu ya volti 300. Kwa hizo rudi kwenye transifoma, ambayo nayo si lazima uiagize Dar es Salaam: transifoma mbili zinazofanana za amplifaya mbovu, zilizounganishwa mgongo kwa mgongo upande wa volti ndogo, zinatoa umeme uliotenganishwa, pungufu kidogo ya 230, wa kutosha kuwasha bodi ya televisheni. Amplifaya mbovu ndicho kitu pekee ambacho kibanda cha fundi hakijawahi kuishiwa.

Wa mwisho ni wale waliohamia skopu ndogo ya betri. Haina plagi, kwa hiyo haina ethi, kwa hiyo, wanasema, yameisha. Yameisha mpaka utakapoichaji huku unapima, na chaja ya bei ya chini ikawa ndiyo njia. Na hata bila chaja, kikoleo chake cha chuma kinapanda na klipu kama bati lolote. Ziko za mkononi zilizotengenezwa kwa kazi hii, vikoleo vyake vimefunikwa plastiki na ubavuni zimeandikwa CAT III na volti zake. Zile za kujiunganishia zenye kikomo cha volti 50 hazikuandikwa hivyo kwa unyenyekevu. Tena skopu ya chaneli mbili, ya betri au ya mezani, mara nyingi klipu zake mbili zimeunganishwa ndani. Bana moja kwenye graundi ya moto na nyingine kwenye graundi ya upande wa baridi, ule uliotenganishwa na umeme wa ukutani: umeondoa utengano uliokuwa unamlinda mwenye televisheni, na sasa nguzo ya antena yake juu ya paa ni mali ya TANESCO. Bana kwenye pointi mbili zenye volti tofauti, na ule mlio uliokuwa unaukimbia unarudi, safari hii ukipita katikati ya skopu.

Na swali ambalo halipendwi: ulihitaji skopu? Televisheni iliyokufa kabisa, fyuzi imekatika, daiodi zinaonyesha shoti kwenye mita huku kifaa kimechomolewa, skopu itakuambia nini? Vipimo vingi vya mawimbi vinavyoamua kitu viko upande wa baridi, ambako klipu na ethi ni marafiki. Najua skopu ikiwaka kijani mteja anaacha kupunguza bei. Hiyo ni biashara halali. Klipu ikae upande wa baridi, tamasha liendelee.

Mwenye skopu hapa Mbinga, Liuli, Lituhi au Mbamba Bay: njoo na waya wako tuufungue. Sitauliza nani aliufanya hivyo. Bisibisi ninayo, plagi mpya dukani zipo, na kurudisha waya wa kijani chini ya skrubu yake ni kazi ya dakika mbili.